Kadi ya Matibabu Hailishi Watoto

Songea, Ruvuma

Mwanangu,

Picha ya geti ulilochomelea kule Msamala nimeiona, limekaa vizuri. Unasema wakala wa bima anakufuata kibandani Bombambili na vipeperushi vyake, nawe unataka nikwambie uchukue ipi. Nitakwambia, ila nitaanzia mahali ambapo yeye hakuanzia.

Fundi akiumia huzuka madeni mawili. La kwanza ni la hospitali. La pili ni la nyumbani: kodi, unga, ada, na mikono haifanyi kazi. Miaka yangu ya dirisha la mapokezi hospitalini niliona wengi wakija na kadi halali, wakitibiwa vizuri, kisha unasikia mke ameuza cherehani ili watoto wale. Kadi ilikuwa imefanya kazi yake. Lile deni la pili ndilo lililokosa wa kulibeba.

Aliyeajiriwa ana pa kushika. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008, humfidia akiumia kazini, na anayechangia ni mwajiri: nusu ya asilimia moja ya mshahara. Wewe huna mwajiri. Diski ya grenda ikipasuka ikakuingia jichoni, mfuko huo haukujui. (Yule kijana anayekushikia vyuma, kama unamlipa mshahara, basi mwajiri wake ni wewe. Msajili, usijifanye hukusoma hapa.)

Kwa hiyo anzia NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Watu hudhani ni ya wenye ofisi, tena ya uzeeni. Wanaandikisha waliojiajiri pia. Kiwango cha kuanzia walichotangaza ni shilingi 30,000 kwa mwezi, au 52,200 kwa anayetaka na matibabu humo humo. Ndani yake mna pensheni ya ulemavu, na ulemavu wenyewe si wa grenda tu: kiharusi nacho hulaza mkono. Ila fao hilo hutegemea miezi uliyochangia. Anayeanza leo na anayeanza akishaanza kuumwa si sawa kabisa mbele ya karani.

Juu ya hapo ndipo iwekwe bima ya ajali binafsi, ambayo nadhani ndiyo wakala wako anaiuza. Si mbaya. Lakini hulipa ajali, si ugonjwa, na hulipa kwa jedwali: jicho asilimia fulani, kidole asilimia fulani. Mwambie akuonyeshe jedwali hilo, si picha ya familia inayocheka. Muulize kama kuna malipo ya kila wiki ukiwa umelala kwa muda, na yanakoma lini. Penye kazi yako paandikwe fundi wa kuchomelea, hata kama ada itapanda. Wakala akishauri muandike “mfanyabiashara” ili iwe nafuu, mfukuze. Siku ya madai kampuni itakuuliza mfanyabiashara alikuwa anachomelea nini. Hakikisha pia kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Mkija kugombana juu ya malipo, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na ile pikipiki yako. Bima ndogo unayokata kila mwaka ni ya yule utakayemgonga. Mguu wako haumo.

Sasa matibabu. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilituzoesha 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na wengi waliidharau mpaka walipofika dirishani bila kitu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mkazi awe na bima, kwa hiyo swali la kukata au kutokata limeshajibiwa. Lililobaki ni kifurushi. Usikipime kwa unene wa kijitabu. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, nenda na hospitali ya Peramiho, uulize wanapokea kadi gani leo. Machi 2024 hospitali kubwa binafsi zilisitisha kuwahudumia wenye kadi za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa ugomvi wa bei za huduma, na wagonjwa walikuwa wamelipa kila kitu. Uliza pia rufaa ya Mbeya au ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili inakwendaje, maana nauli na pa kulala mtajitegemea.

Watoto waandikishwe wakiwa wazima. Toto Afya Kadi ya NHIF ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, bei ya huruma, lakini wazazi wengi walikata walipoona mtoto ameshaugua. Mfuko ukaelemewa, na Machi 2023 ukasimamisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja. Sikuwalaumu wazazi, wala mfuko. Bima hula michango ya wazima, na wazima tulikaa pembeni.

Najua utasema fedha. Hapa kwetu kazi ya mageti hufuata mahindi: yakiuzwa, watu wanajenga; masika, kibanda kimya. Basi usijifunge kwa ahadi ya mwezi kwa mwezi utakayoivunja Februari. NSSF waliojiajiri huweza kulipa hata kwa msimu. Lipa miezi mingi Agosti, na bima ya mwaka ikate wakati huo huo, kabla hujanunua mashine nyingine. Ikikupungukia, acha ile ya ajali, shika NSSF na matibabu.

Jumatatu funga kibanda nusu siku. Mchukue mama watoto, mwende NSSF pamoja, na jina lake liandikwe kwenye fomu. Risiti zote azitunze yeye.

Shangazi yako