Jumapili Bagamoyo, na Daftari la Zaka

Kama unaishi Dar unajua Jumapili asubuhi ilivyo. Saa kumi na mbili tu barabara zimejaa vitenge vilivyopigwa pasi, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, akina baba wamevaa makoti kwenye joto lile lile la kwetu. Turubai la mkesha la mtaa wa pili ndiyo kwanza linazima spika zake baada ya kutukesha sote, wanaosali na wasiosali. Halafu kuna sisi wengine. Tumekaa barazani na chai na chapati, simu tumeigeuza chali, tunaomba tu mama asipige kuuliza umekwenda misa ya kwanza au ya pili.

Mimi huu ni mwaka wa tatu sijakanyaga parokiani kwetu. Kabla hujanuna, nasali. Nasali kwenye daladala, nasali jikoni, nasali sana siku ambazo gazeti linakwenda kiwandani na kurasa mbili bado nyeupe. Nilichochoka nacho ni mambo ya taasisi. Mahubiri dakika kumi, matangazo dakika arobaini. Sadaka ya kwanza, sadaka ya pili, zaka, ujenzi, mavuno, gari la paroko, ukarabati wa nyumba ya paroko. Namba ya kutumia pesa kwa simu imebandikwa ukutani kwa maandishi makubwa kuliko ratiba ya kitubio. Na ukiwa mwanamke wa thelathini na kitu, una kazi, huna pete, basi wewe ni mada. Tuliwahi kuitwa semina ya "mabinti", mwezeshaji akatuambia tunaojiweza kimaisha tunawatisha wanaume, tushushe sauti. Nikashusha sauti, nikachukua mkoba, nikatoka.

Hayo yote ningevumilia, wangapi wanavumilia? Kilichonitoa ni msiba. Baba yangu mdogo aliugua figo kwa muda mrefu, na kila shilingi iliyoingia nyumbani kwake ilikwenda hospitali. Alipofariki, familia ikapeleka taarifa kanisani. Daftari likafunguliwa. Zaka hajalipa miaka miwili, jumuiya haonekani. Padri hakuja. Katekista alikuja kwa huruma yake, akasali nasi nyumbani, tukaenda makaburini bila misa. Walioshika majembe ni vijana wa mtaani, nusu yao Waislamu, na hakuna aliyeuliza marehemu alikuwa anadaiwa nini.

Tangu hapo Jumapili zangu ni za mtoko. Nimevuka na pantoni kwenda Kigamboni bila shughuli yoyote, nimekula mihogo ya Coco Beach mpaka wauzaji wananijua, nimepanda vilima vya Pugu na viatu visivyofaa. Mama alikuwa ananuna tu. Safari hii nikamwambia, "Mama, twende Bagamoyo, misheni." Nilijua hatakataa. Bagamoyo kwa mama yangu ni hija. Mwaka 2018, Kanisa Katoliki lilipoadhimisha pale miaka 150 ya uinjilishaji, alinunua kitenge cha jubilei na hakupata nafasi ya kwenda. Kitenge kile ndicho alichokivaa siku hiyo.

Tulipanda Coaster Makumbusho. Ni kama kilomita 70 hivi kutoka mjini, lakini Tegeta na Bunju huwa zina tabia zao, kwa hiyo toka mapema. Ukishapita Mapinga upepo unabadilika, minazi inaanza, na kondakta anapunguza kelele. Mama alikuwa na rozari mkononi njia nzima. Mimi nilikuwa na karanga.

Misheni ya Bagamoyo unaiingia kwa njia ndefu yenye miembe mikubwa huku na huku, kivuli kizito, na hata bajaji ikipita unaona kama imenyamaza. Hapo ndipo Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanza mwaka 1868, wakitokea Zanzibar. Kuna mbuyu ambao inasemekana waliupanda mwaka ule ule, na kipande cha mnyororo kimetokeza kwenye shina lake. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa aliyehudumia wagonjwa alikuwa anamfunga punda wake hapo, mti ukaendelea kunenepa na kuumeza mnyororo. Kila mtu anapiga picha hapo. Mama alipiga nne.

Makumbusho yako kwenye jengo la zamani la masista, na ndani kuna minyororo ya watumwa. Hiyo haihitaji mtu wa kukueleza. Kijana aliyetuongoza alikuwa mpole, anamwita mama "bibi" na kumshika mkono kwenye ngazi. Alitueleza jinsi wamisionari walivyokuwa wakiwanunua watu sokoni Zanzibar, wengi wao watoto, wakawaleta huku na kuwajengea kijiji cha waliokombolewa. Walipewa elimu, ufundi, mashamba ya minazi. Walipewa pia kengele: ya kuamka, ya sala, ya kazi, ya kulala. Nikamuuliza kama kuna waliotoroka. Akacheka kidogo, akasema ndiyo, walikuwepo. Mama akanitazama. Sikusema neno, ila niliwafikiria sana hao waliotoroka. Mtu amekutoa kwenye mnyororo, unamshukuru kwa moyo wote, na bado kengele yake imekushinda. Wa namna hiyo si vizuri kumwita asiye na shukrani kabla hujamsikiliza.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Nenda kwenye makaburi ya wamisionari, nyuma ya kanisa kubwa. Mstari baada ya mstari, misalaba ya ukubwa mmoja. Malaria iliwamaliza. Soma miaka iliyoandikwa halafu upige hesabu: wengi hawakufika 40, wengine walikuwa ndiyo kwanza wamepita 20. Mama alisimama pale akitikisa kichwa. "Hawa watoto," alisema. "Umri wako. Na mama zao waliko huko Ulaya walipata barua tu." Pale sikuwa na la kubisha. Hawa hawakuja kukusanya hela ya gari.

Mbele ya hapo ndipo nilipoguswa ambapo sikutarajia. Kuna mnara mfupi uliobaki wa kanisa la kwanza, unaitwa Mnara wa Livingstone. Mtaalamu yule wa kutembea alifariki Mei 1, 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo wake ulizikwa kule kule, na watu wake, akina Chuma na Abdullah Susi, waliukausha mwili wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Februari 1874 walifika hapa. Mwili ukapokelewa na mapadri, ukalazwa kwenye mnara huu, kisha ukavushwa kwenda Zanzibar na mwishowe Uingereza, akazikwa Westminster Abbey Aprili 18 mwaka huo.

Sasa hebu fikiria. Livingstone alikuwa Mprotestanti wa Uskoti. Mapadri walikuwa Wakatoliki wa Kifaransa, na zama zile Wakatoliki na Waprotestanti hawakuwa wanakunywa chai pamoja. Maiti imeletwa na wapagazi waliochoka, mmoja jina lake Abdullah. Na mlango ukafunguliwa.

"Mama," nikasema, "huyu hakuwa hata Mkatoliki."

Mama alikuwa anaushika ukuta kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akakaa kimya muda. Halafu akasema, "Siku hizo hapakuwa na mwenyekiti wa jumuiya."

Wee acha tu. Nilicheka mpaka kijana wetu akageuka. Naye mama akacheka, halafu akafuta macho kwa ncha ya kile kitenge cha jubilei, na wote wawili tulijua anamlilia shemeji yake.

Kutoka pale tulitembea polepole hadi ufukweni, kwenye msalaba wa kumbukumbu ya wamisionari. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimelala ubavu kwenye matope. Tulikaa kivulini tukala ndizi. Hapo ndipo mama aliponiambia.

"Zaka yako nimelipa."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Zaka gani?"

"Yako. Kila mwezi. Tangu ulipoacha." Alikuwa anatazama baharini. "Na siku ya jumuiya nasema unafanya kazi zamu ya jioni. Jina lako liko kwenye daftari, halijakatwa."

Msomaji wangu, mama yangu anaishi kwa kodi ya vyumba viwili vya uani na mradi wa kuku. Nilihesabu kichwani: miaka mitatu, miezi thelathini na sita. Nilipandwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kwamba anatoa fedha ya kuku kulinunulia jina langu nafasi kwenye daftari lile lile lililomfungia mlango baba mdogo! Nikamwambia hivyo, na sikushusha sauti.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimeshamzika mtu bila padri. Nimeona. Wewe hukulala pale msibani, ulikwenda kazini asubuhi. Mimi ndiye niliyekaa na mkewe usiku, anauliza kama mumewe amefika au hajafika. Siwezi kukaa hivyo kwa ajili yako. Kama ni ujinga, basi ni ujinga wangu, hela ni yangu."

"Na nikifa wewe umeshakufa?" nikamuuliza. "Nani atalipa?"

"Ndiyo maana nataka urudi," akasema, akanipa ndizi ya mwisho.

Hatukuongea tena mpaka Kaole.

Kaole ni kama kilomita tano kutoka mjini, bajaji inawafikisha bila taabu, na ukienda Bagamoyo usipokwenda Kaole umekwenda nusu. Ni magofu ya mji wa Waswahili: misikiti miwili ya matumbawe, mkongwe wake ukiwa wa karne ya 13, na makaburi yaliyochongwa, mengine yana nguzo. Kuna kisima ambacho wenyeji wanasema hakikauki. Kuna kaburi la wapendanao, mume na mke waliozama baharini wakazikwa pamoja, na hapo wale mlio kwenye uchumba mtajiona mko kwenye sinema. Mbele ya magofu ya msikiti mama alisita, halafu akavua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Paa halipo, swala haijasaliwa pale kwa miaka mingapi. Akaingia miguu mitupu juu ya majani makavu, akasimama karibu na kibla, rozari bado ameikunjia kiganjani.

Lipo pia kaburi linaloitwa la Sharifa, ambalo watu bado wanalijia na haja zao. Tulikuta kitambaa cheupe kimefungwa na harufu ya ubani haijaisha. Mtu alikuja asubuhi ile, akaomba alichoomba, akaondoka. Hapana orodha, hapana risiti. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mahali popote siku hiyo, na kusema kweli nilisali. Niliomba mambo mawili na siyaandiki hapa.

Mama, ambaye haachi jambo hivi hivi, alikuja kusimama kando yangu. "Unaona lilivyofagiliwa?" akasema. "Kuna mtu ana zamu."

Jioni tulirudi mjini kupitia mitaa ya zamani, milango ya nakshi, kuta zinazomenyeka, watoto wa madrasa wanatoka na juzuu kwapani. Bagamoyo ni mji wa Waislamu hasa, na mmoja wa watu wake wakubwa alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliletwa kutoka Umanyema akiwa mtumwa mdogo, akanunuliwa na tajiri wa hapo mjini. Akasoma, akafanya biashara, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, wenye vyeo wakamjia kusoma kwake. Alifariki 1931. Nilimsimulia mama habari hiyo tukiwa tunatembea. Akasema, "Basi na huko nako hawakutaka kumpisha mtumwa mpaka wakashindwa." Mama yangu hakumaliza darasa la saba, lakini taasisi anazielewa kuliko mimi mwenye digrii.

Sokoni kwa samaki, karibu na forodha, moto ulikuwa umewaka na mafuta yanachemka. Harufu ya ngisi na pweza inakukamata kabla hujafika. Shauri langu: nenda jioni jioni mashua zinaporudi, usivae nyeupe, na bei ya kwanza usiikubali. Mama aliongea na muuzaji kama dakika kumi, "mama yangu" huku, "mwanangu" kule, mpaka akapata fungu la changu wa kukaanga kwa bei ambayo sitaitaja, wasije wakamkasirikia yule dada. Fungu lilikuwa kubwa kwa watu wawili.

"Wote hao wa nani?" nikauliza.

"Jumuiya iko kwangu Alhamisi, nitawatia kwenye friji," akasema. "Watakuwa kumi na wawili. Kumi na watatu ukija."

Nilimbebea mfuko mpaka stendi. Coaster ilikuwa imeshajaa, tukapata viti vya nyuma kabisa, samaki miguuni, na abiria wa mbele akageuka kuuliza tumewanunua kwa nani.