Noti ya Elfu Tano Iliyonipeleka Mwanza

Kila mwezi nawajibu wasomaji wa ukurasa huu: jamani, msipekue mifuko ya wenzi wenu. Sasa naomba mnisikilize mimi, maana nilipekua.

Nilikuwa na kisingizio kizuri tu. Mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu ilianza kuondoa noti za zamani, zile za kuanzia 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya mia tano ya 2010. Mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa tarehe 5 Aprili. Nikageuza makoti, mikoba, hadi suruali za mume wangu. Noti ya zamani sikuipata hata moja. Nilichopata ni elfu tano ya kawaida, ile ya faru. Pale penye weupe, ambapo ukiinua noti kwenye mwanga unaona sura ya Mwalimu, palikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu: jina la kike, kisha "Jmosi 18".

Mume wangu huenda Mwanza kikazi karibu kila mwezi. Jumamosi huwa yuko huko. Na hiyo 18, mpenzi msomaji, wewe ungeisomaje? Mimi niliisoma chumba namba 18. Presha ilipanda, lakini mdomo nikaufunga. Noti nikaificha kwenye mkoba, na Mei nikamwambia, "Safari hii tunakwenda wote, na mimi nipumzike."

Huko Marekani kuna watu wanaofuatilia noti kwa raha zao. Tangu 1998 kuna tovuti iitwayo Where's George?, jina la kumtania George Washington aliye kwenye dola moja. Unaandika namba ya noti na mahali ulipo, unaitumia, kisha unasubiri mtu mwingine aipate na kuiripoti. Wengine huigonga muhuri kabisa ili atakayeipata ajue. Ulaya nao wana ya kwao kwa noti za euro. Kwetu hatuna kitu kama hicho, na Benki Kuu haipendi noti zichafuliwe kwa kalamu. Lakini wee! Watanzania tunaandika: namba za simu, majina ya wapenzi, hesabu za duka. Tofauti ni kwamba hakuna anayefuatilia. Isipokuwa mke mwenye wivu.

Mwanza ni nzuri, niseme ukweli, hata kama umeenda kwa roho mbaya. Mawe makubwa yamepandana kama yamepangwa kwa mkono, na nyumba zimekaa juu yake bila wasiwasi. Tulipiga picha mbele ya Jiwe la Bismarck kama wageni wote. Nilitabasamu kwenye picha zote, huku mkono mmoja ukiwa juu ya mkoba.

Jumamosi asubuhi mume wangu akasema twende Mwaloni, Kirumba, akanunue dagaa. "Si unajua nikirudi lazima nije nao," akasema. Kweli. Miezi yote ile nilikuwa nakaanga hao dagaa bila kujiuliza wanatoka wapi.

Mwaloni unaanza kuusikia kwa pua. Magunia ya dagaa yamesimama kama ukuta. Mengine yanatoka visiwani kwa mtumbwi, mengine yanapakiwa kwenye malori ya kwenda mbali, hadi Kongo. Fedha ya hapa hufuata mwezi, na simaanishi mshahara. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika, na noti nazo zinapumzika.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa ameketi juu ya gunia, anahesabu fedha. Akafunga bunda kwa mpira, akatoa kalamu ya bluu, akaandika juu ya noti ya kwanza. Nikasogea. Jina la kike. Siku. Namba.

"Shikamoo, mama. Samahani, hiyo namba ni ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Gunia." Akanionyesha kwa kidole. "Huyu ndiye ananiletea mzigo kutoka kisiwani, hii ndiyo siku ya boti, na hizi gunia zake. Daftari huko majini linaloa. Hela hawaziachi ziloe."

Mwenzangu, nilichoka. Gunia 18! Bunda likifunguliwa, noti ya juu inaingia sokoni kama nyingine, inakuwa chenji ya mteja wa kutoka Dar. Na mteja mwenyewe alikuwa nyuma yangu, anabishana bei ya sado.

Jioni, Capri Point, tukala sato tukiangalia ziwa. Bili ilipokuja nikatoa ile noti, nikamwekea mezani, nikamweleza yote. Nilidhani tutacheka. Alicheka kweli, pale kwenye chumba namba 18. Kisha akaisoma tena ile noti, taratibu.

"Umekaa nayo tangu lini?"

"Februari."

"Miezi mitatu," akasema. "Unalala na mimi, unanipikia, na hukuniuliza."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Nikamwomba radhi, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuangalia taa za mitumbwi zikiwaka moja moja majini.

Mhudumu akaja, akaichukua noti pamoja na bili, akaondoka nayo.