Subira na Ngoja Ngoja

Waswahili wana methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja husema subira yavuta heri. Ya pili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu aliyepata kukaa kando ya barabara akingoja gari huzijua zote mbili, na tena hujua kuwa hazipingani. Aliyeambiwa kwamba gari litachelewa hadi adhuhuri huweka mzigo wake kivulini, hunyonyesha mtoto, huzungumza na jirani, na saa humpita bila ya kumdhuru. Asiyeambiwa neno husimama juani akinyoosha shingo kila vumbi linapotimka. Wote wawili wamengoja muda ule ule. Kilichowatenga ni habari.

Kurui ni kata mojawapo ya Wilaya ya Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, nchi ya Wazaramo, mihogo na mikorosho. Mambo mengi makubwa ya mkazi wake yako nje ya kata yake. Makao ya wilaya yako Kisarawe mjini. Makao ya mkoa yako Kibaha, ambako pia iko hospitali ya rufaa ya Tumbi. Na soko kubwa la mazao liko Dar es Salaam. Kwa hiyo safari kwake si anasa. Gari moja likikosekana, gunia la mihogo mibichi, ambayo haivumilii zaidi ya siku mbili tatu tangu kung'olewa, laweza kuharibika. Mgonjwa aweza kukosa siku aliyopangiwa na daktari. Na mwanafunzi aweza kufika shuleni baada ya mtihani kuanza.

Katika vijiji vya namna hii hakuna ubao wa saa wala kipaza sauti. Abiria husoma dalili. Honi ya gari la kwanza kabla ya mapambazuko ni tangazo. Kukosekana kwa honi ni tangazo pia, ila halisemi sababu. Mvua iliyonyesha usiku kucha wakati wa masika humwonya msafiri kuhusu mabonde na madaraja kabla hajafungua mlango. Dereva akiugua, jirani yake ndiye ajuaye kwanza. Lakini mjumbe mkubwa wa siku hizi ni kijana wa bodaboda, kwa kuwa yeye huenda na kurudi wakati wengine wangali wanangoja. Mama mwenye mzigo kichwani hukutana naye njiani, na mazungumzo yao huwa mafupi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Gari umeliacha wapi?"

"Limekwama bondeni, mama. Maji yamepita juu ya daraja. Usiteremke na mzigo, rudi nyumbani."

Maneno hayo hayakuandikwa na ofisi yoyote, lakini yametimiza mambo matatu yapasayo kuwamo katika kila tangazo la safari: mahali palipoharibika, sababu ya kuharibika, na shauri la kufuata. Matangazo mengi yaliyopigwa mihuri hutaja la kwanza na la pili, yakamwachia abiria ajitafutie la tatu.

Hata hivyo habari ya mdomo ina kasoro zake. "Wamesema" ni neno lisilo na mwenyewe. Likikosewa hapana wa kuulizwa. Tena gari likikosekana, kijana wa bodaboda hupata mteja, na si kila mtu ashindaye kishawishi cha kuongeza chumvi. Abiria mwenye busara huuliza watu wawili kabla ya kukata shauri. Asiye na nafasi ya kuuliza wawili, kama vile aliyempakata mtoto mwenye homa, hulazimika kumwamini wa kwanza.

Haja hii si ngeni katika nchi ya Pwani. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapitia Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, nayo ilipita Kisarawe na kuweka stesheni Mzenga. Pamoja na treni ilikuja desturi mpya: stesheni moja kuijulisha nyingine kwamba treni imeondoka au imezuiwa. Aliyeishi karibu na stesheni aliweza kumwuliza mkuu wake. Aliyeishi mbali alibaki na masikio yake. Baadaye redio, iliyoanza kutangaza Dar es Salaam mwaka 1951, ilifika pasipofika reli. Watu waliozoea kutega sikio kwa matangazo ya vifo walijua namna habari ya mjini iwezavyo kuingia katika nyumba ya udongo jioni ile ile.

Leo matangazo ya mjini yamekuwa mepesi kupita zamani. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, njia yao ilikatisha bonde la Msimbazi pale Jangwani, na mara kwa mara mafuriko yakawazuia kupita. Habari ya kuzuiwa kwao ilienea kwa redio na simu hata kabla maji hayajapungua. Mafuriko yalipobomoa Reli ya Kati upande wa Kilosa mwanzoni mwa mwaka 2010, taifa zima lilipata kusikia. Treni ya umeme iliyoanza kwenda Morogoro mwezi Juni 2024 huuza tiketi kwa simu. Lakini jambo hili laonyesha upungufu mmoja: habari hufuata ukubwa wa chombo, haifuati ukubwa wa haja. Basi la watu mia likisimama mjini, nchi husikia. Gari pekee la kijiji likisimama, hapana asikiaye ila wale waliolikosa. Na wa mjini akikosa chombo kimoja hupanda kingine. Wa Kurui huenda akangoja hadi kesho.

Mwaka 2019 iliundwa kwa sheria Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, pamoja na baraza la kuwasemea watumiaji wa usafiri huo. Ni jambo jema abiria kuwa na mlango wa kubisha. Lakini mlango huo hubishwa baada ya hasara, na tangazo hutakiwa kabla yake. Dawa ya kijijini ni ndogo, nayo haihitaji mtambo. Dereva au utingo ana simu. Mwenye duka penye kituo ana simu pia, na ana ukuta. Mwito mmoja wa alfajiri na mstari mmoja wa chaki ukutani, "Gari halipo leo, daraja limefunikwa," waweza kuwarudisha watu ishirini majumbani kabla hawajang'oa mihogo. Asiyejua kusoma atasomewa na mtoto aendaye shule.

Atakayesema kwamba hilo ni jambo dogo na akasimame kando ya barabara na mgonjwa mgongoni, pasipo mtu wa kumwambia kama gari laja. Mama yule aliyerudishwa na kijana wa bodaboda hakusafiri siku ile. Mihogo yake ilibaki ardhini ikiwa mizima, naye akaiuza juma la pili.