Mpira wa maji, ndoo na ukurasa wa XSP

Jamani, nimepotea hapa wiki nzima. Sisi wa ualimu, hisabati na kompyuta, tumepewa kazi ya kueleza programu ya zamani ya seva mbele ya darasa, na kundi letu limeangukiwa na Cocoon. Jamaa wa chumbani ananiuliza, "Ticha, hiyo utamfundisha nani?" Ngoja nianze na nyie.

Ukiandika ukurasa wa XSP, Cocoon inaugeuza kuwa msimbo wa Java. Kila tagi inakuwa tangazo: elementi imeanza, haya maandishi, elementi imeisha. Hiyo ndiyo SAX, iliyotoka 1998, mwaka mmoja na XML 1.0. Tukio likipita limepita, hakuna anayelitunza. Cocoon ya kwanza ilijenga mti mzima wa hati kwenye kumbukumbu. Ya pili ikahamia SAX, hivyo hati ndefu haikuilemea sana.

Sasa kasheshe. Nataka orodha ya alama za wanafunzi, na wastani ukae juu yake. Wastani siujui mpaka mstari wa mwisho upite, na kule juu nimeshapaacha. Unafanyaje?

Unahamisha mpira wa maji. Msimbo wote uliozalishwa unapeleka matukio kwa kipokezi kimoja, kwa jina lile lile. Basi kiweke pembeni, na kwa jina hilo weka ndoo, yaani kipokezi kinachokumbuka. Mistari inamwagikia ndooni huku wewe unajumlisha. Ukimaliza, rudisha kipokezi cha mwanzo, andika wastani, kisha mimina ndoo.

Angalizo. Kurudisha kukae ndani ya finally ya Java. Hitilafu ikitokea katikati bila hivyo, hata ujumbe wa kumweleza msomaji kilichotokea utaishia ndooni. Na kama unachokinga ni hati nzima kutoka kwingine, chuja tukio la "hati imeanza" na "hati imeisha" kabla ya kumimina, maana hati moja haiishi mara mbili. Halafu usikinge ukurasa mzima, utakuwa umerudi kulekule kwa mti.

Nimejaribu mfano huu kwa wenzangu watatu. Wawili wameelewa, wa tatu anauliza ndoo inakaa wapi. Swali la haki kabisa (inakaa kwenye kumbukumbu ya seva), na ndilo litakaloulizwa Jumatano tukisimama mbele. Mwenye mfano mzuri zaidi aniandikie kabla ya hapo, wandugu. Alama za kundi zima ziko hapo.