Kutwa Moja na Wavuvi Wanaomrudisha Samaki Baharini

Alfajiri ya Jumapili, wakati wakazi wengi wa Dar es Salaam wangali wamejifunika shuka, mimi nilikuwa nimesimama ufukweni Kunduchi, suruali nimeikunja hadi magotini, nikingoja kupanda boti. Nyumbani nilikuwa nimeacha ahadi. Mke wangu nilimwambia asinunue kitoweo siku hiyo, naye mwanangu wa miaka sita alikuwa ameniagiza samaki mkubwa kuliko baba.

Wenyeji wangu walikuwa wanachama sita wa chama cha uvuvi wa burudani: karani, mwalimu, fundi wa magari na wenzao, ambao huchangiana fedha za mafuta ya boti mara moja kwa mwezi. Nahodha alikuwa mzee wa pale pale Kunduchi, mwenye ndevu nyeupe na mkono wa kushoto uliobakiwa na vidole viwili tu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akanionyesha mahali pa kukaa karibu na mashine.

Ulikuwa msimu wa matlai, kusi imekwisha na kaskazi haijaanza, na bahari ilikuwa shwari. Tulipita kando ya kisiwa cha Mbudya, ambako familia nyingi za mjini huenda kuogelea na kupumzika chini ya mivinje. Nahodha hakupunguza mwendo. Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilitengwa tangu mwaka 1975, na kuvua ndani ya mipaka yake ni marufuku. Tulikwenda mbele zaidi, hadi penye mwamba ulio nje ya eneo hilo, ndipo mashine ikazimwa.

Msomaji atauliza: uvuvi wa watu hawa una tofauti gani na ule wa mshipi tuliouzoea? Katika mshipi wetu, chubwi ya risasi ndiyo inayoupeleka uzi majini. Hawa hawana chubwi wala chambo cha nyama. Ndoana yao huvikwa manyoya ya ndege, nywele za wanyama na nyuzi zinazometameta, mpaka ikafanana na dagaa. Kwa kuwa chambo hicho ni chepesi mno, uzito umewekwa katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una urefu wa mita 27 hivi. Mvuvi huuyumbisha angani, nyuma na mbele, kwa ufito wa mita 2.7, kisha huuachia ukaruka mbali. Ustadi huu ulikuzwa katika mito ya maji baridi huko Ulaya, kwa samaki wala wadudu. Ulipoingia baharini, mdudu akageuzwa dagaa.

Nilipewa ufito nijaribu. Mara ya kwanza mshipi ulinizunguka shingoni. Mara ya pili ulinasa kofia ya karani. Mara ya tatu niliombwa kwa adabu nipumzike.

Ghafla nahodha akanyosha kidole. Kundi la shakwe lilikuwa likipiga mbizi, na chini yao dagaa waliruka juu ya maji kama mvua inayonyesha kwenda mbinguni. Mwalimu akatupa mshipi pembezoni mwa kundi, akauvuta kwa mishtuko mifupi. Ufito ukapinda kama upinde. Kwa muda wa dakika ishirini mama yule alivutana na samaki, jasho likimtiririka, mpaka ubavuni mwa boti akaonekana kolekole wa fedha, mrefu kama mkono wa mtu mzima.

Mimi tayari nilikuwa nimekwisha kumkata vipande moyoni: kichwa cha mchuzi, mkia wa kukaanga. Lakini mwalimu alilowesha viganja, akaichomoa ndoana isiyo na kijino, akamshika samaki ndani ya maji hadi pumzi zikamrudia. Kolekole akapiga mkia mara moja, akatoweka.

"Mwalimu," nilisema bila kujizuia, "umeachia chakula cha watu wanane!"

Aliyejibu ni nahodha.

"Mwanangu, hata mimi siku za kwanza niliwaona hawa kuwa ni watu wenye shibe. Mvuvi anayengojwa na watoto hamwachii samaki, wala sikwambii uache kula. Lakini tazama." Akainua mkono wa kushoto. "Baruti ilinilipukia kabla sijaitupa. Nilikuwa kijana. Watu huona vidole vilivyopotea. Mimi huuona mwamba tuliokuwa tukiupiga. Siku moja tulijaza mtumbwi, na wengi wa wale samaki walikuwa wadogo kama kidole. Baadaye palibaki kifusi. Ukishusha mshipi, hapaumi kitu."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Uvuvi wa baruti ulikatazwa nchini kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miongo kadhaa baadaye. Mlipuko ni wa nukta moja, ilhali tumbawe la mviringo hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Mwamba uliovunjwa na baba huenda mjukuu asiukute umepona.

Tulirudi alasiri. Wanachama walisuuza vyombo vyao kwa maji baridi, maana chumvi hula chuma. Mimi niliwafuata wavuvi wa ngalawa waliokuwa wakishusha samaki mchangani, nikanunua changu wawili waliovuliwa kwa mshipi.

Nyumbani mwanangu alinipokea mlangoni, akachungulia kikapuni.

"Hawa umewavua wewe, baba?"

"Nimewanunua. Yule mkubwa tumemwacha baharini."

Alifikiri kidogo. "Nikiwa mkubwa, nitamkuta?"

Nilimkabidhi mama yake kikapu, nikamkumbuka mzee yule na vidole vyake viwili. Swali la mtoto huyu si la kujibiwa na baba yake peke yake. Sisi sote tunaokula samaki wa bahari ile tunalijibu, kila tunapouliza, au tunapoacha kuuliza, samaki aliye mezani alivuliwa kwa njia gani.