Seriamu na Swali la Wazee

Nimechagua kusoma fizikia ya seriamu, na wazee wetu wa Ajia huniuliza itatufaa nini. Seriamu imo katika kijiwe cha kiberiti cha gesi. Imo pia katika udongo wa Makuutu, mashariki mwa Uganda.

Shaba ikipoa, hupitisha umeme vizuri zaidi. Baadhi ya misombo ya seriamu hukaidi: kadiri inavyopoa, usumaku wa atomu zake huzidi kuzitawanya elektroni, na ukinzani hupanda. Lakini mwaka 1979, Frank Steglich na wenzake nchini Ujerumani walitangaza kwamba msombo wa seriamu, shaba na silikoni, ukipozwa chini ya kelvini 1, hupoteza ukinzani wote. Ilidhaniwa usumaku ungezuia jambo hilo.

Nawajibu wazee: udongo usiouelewa, bei yake huipanga anayeuelewa.