Salama, ila Mgongo

Somo la kutafakari: Lk 13, 10-17



Ukimsalimu mama wa kwetu Manguredjipa asubuhi, atakujibu kwamba yeye ni salama, watoto ni salama, na usiku umepita salama. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jambo dogo, ataongeza: «Ila mgongo.» Baada ya hapo mazungumzo huendelea kwenye bei ya mihogo au hali ya barabara. Neno hilo limezoeleka hata likawa sehemu ya salamu. Leo tunapenda kusimama kwenye neno hilo moja, kwa sababu ndani yake mna habari ambazo kijana anafaa kuzijua mapema, awe binti ambaye mgongo wake bado haujaumia, au mvulana ambaye mgongo wake una nguvu za kutosha.

Sisi tunaoishi katika sekta ya Bapere tunajua jinsi mizigo inavyosafiri. Butembo iko umbali wa kilomita 100 hivi, na mvua ikinyesha malori hukwama katika tope. Lakini lori likikwama, njaa haikwami. Mihogo, ndizi, mpunga, kuni na ngazi za kukamulia mafuta lazima vitoke shambani, na njia ya shamba ni ya miguu. Mwanamume mwenye mzigo mkubwa hutafuta chombo: pikipiki, baiskeli, au chukudu katika barabara za nyanda za juu. Mama yeye hutafuta kamba. Huipitisha kwenye paji la uso, mzigo ukaning'inia mgongoni, naye akainama mbele ili usimvute nyuma.

Kamba hiyo si upumbavu wa mababu. Humwachia mama mikono miwili kwa ajili ya mtoto au fimbo, na humwezesha kupanda mlima mahali ambapo gurudumu halipiti. Lakini tupige hesabu. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20 za maji, kabla hatujahesabu bidoni yenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 hivi. Mama anayerudi kisimani akiwa na vyote viwili amebeba karibu kilo 30, na siku yake ndiyo kwanza imeanza.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini kinachopunguza mshindo. Mtu akisimama wima, uzito hugawanyika vizuri. Akiinama huku amebeba, misuli ya kiuno huvuta kwa nguvu nyingi ili asianguke, na visahani hivyo hubanwa zaidi. Jambo hilo likirudiwa kila siku kwa miaka, misuli huchoka na visahani huchakaa. Wakati mwingine kisahani hutokeza na kugandamiza mshipa wa fahamu, na hapo maumivu hushuka kutoka kiunoni, yakapita kwenye tako hadi mguuni kama moto.

Mwili wa mwanamke una sababu nyingine pia. Wakati wa mimba homoni hulegeza viungo vya nyonga ili kutayarisha njia ya mtoto, na tumbo linapokua huvuta mwili mbele, hivyo kiuno hujipinda zaidi ili kuuzuia. Ndiyo maana wajawazito wengi huumwa kiuno na nyonga. Baada ya kuzaa, misuli ya tumbo inayosaidia kuushika mgongo bado ni dhaifu, na kwa mama wengi huo ndio wakati wa kurudi shambani. Miaka ikipita, hedhi inapokoma, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa hupungua. Mifupa huwa myepesi, na pingili zinaweza kuvunjika taratibu, hata pasipo kuanguka. Bibi anayezidi kuwa mfupi na kuinama mwaka hadi mwaka huenda amevunjika pingili ambazo hakuna aliyezihesabu.

Hatuko peke yetu katika jambo hili. Inakadiriwa kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mwaka 1967 mkataba namba 127 kuhusu uzito wa juu wa mzigo ambao mfanyakazi anaweza kubebeshwa. Mkataba huo unataka mizigo ya wanawake iwe mepesi zaidi kuliko ya wanaume. Lakini njia ya shamba haina mkaguzi wa kazi. Mkaguzi pekee ni yule anayemwona mama akipita.

Tangu mashambulizi ya ADF yalipofika katika sekta yetu mwaka 2024, mzigo umeongezeka. Familia nyingi zimekimbia zikiwa na kile tu kilichoweza kubebwa: godoro, sufuria, mtoto, mzee asiyeweza kutembea. Aliyefika salama hulala chini kwenye sakafu ya watu, kisha hubeba mizigo ya wengine ili apate chakula cha jioni. Mgongo ambao ungepona kwa kupunguziwa kazi haupati nafasi hiyo.

Ni lazima pia tujue kwamba maumivu mengine huonekana mgongoni, ilhali chanzo chake kiko mahali pengine. Maambukizi ya figo huleta maumivu ya ubavuni pamoja na homa na kutetemeka, na mara nyingi mkojo huwa unachoma. Uvimbe katika mfuko wa uzazi unaweza kuumiza kiuno. Kuna pia ugonjwa ambao tishu zinazofanana na zile za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake. Binti mwenye ugonjwa huo huumwa sana kila mwezi, hata akakosa shule, naye huambiwa tu kwamba ndivyo wanawake walivyo. Kifua kikuu nacho hakikai kifuani peke yake. Kinaweza kula pingili za mgongo polepole, mtu akakonda, akatokwa na jasho usiku, na mwishowe mgongo ukatokeza kibyongo. Ugonjwa huo una dawa, na ukigunduliwa mapema huokoa miguu ya mtu.

Kwa hiyo tusikariri kwamba kila mgongo ni uchovu. Mama apelekwe kituo cha afya bila kungoja ikiwa maumivu yameambatana na homa, kukonda, au maumivu ya usiku yasiyopoa hata akilala. Ikiwa yameanza baada ya kuanguka. Au ikiwa ni mjamzito na maumivu yanakuja na kupoa kwa vipindi, au anatokwa na damu. Miguu ikilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo na choo vikimshinda kuvizuia au kuvitoa, aende hospitali siku hiyohiyo. Hapo saa chache zina maana kubwa.

Maumivu mengi, kwa neema ya Mungu, si ya hatari hiyo. Hayo hayahitaji kulala kitandani siku nyingi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Linahimiza mazoezi na elimu ya kumfahamisha mgonjwa hali yake, wala halishauri mikanda ya kufunga kiuno kama tiba ya kawaida. Dawa za kutuliza maumivu zinazouzwa rejareja sokoni ziogopwe. Ibuprofeni na diklofenaki, zikitumiwa kila siku bila ushauri, huweza kuumiza tumbo na figo, na katika nusu ya pili ya mimba zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Lakini tuseme ukweli wote. Tukimfundisha mama namna bora ya kunyanyua, yaani akunje magoti, aushike mzigo karibu na mwili, asijipinde akiwa ameubeba, kisha tukamwachia mzigo uleule, tumemfundisha tu namna ya kuumia polepole. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliye pembeni huuona mwepesi. Dawa ya kwanza ya mgongo wa mama ni mzigo wake ugawanywe. Mzigo mmoja wa kilo 40 ukifanywa miwili ya kilo 20, na wa pili ukachukuliwa na kijana wa kiume, hakuna duka la dawa lenye kitu cha kuushinda msaada huo.

Mwinjili Luka anatusimulia habari za mwanamke aliyekuwa ameinama kwa miaka 18, asiweze kabisa kujinyoosha. Alikuwa katika sinagogi siku ya Sabato. Hakuomba chochote, labda naye alikuwa amezoea. Yezu ndiye aliyemwona, akamwita, akamwekea mikono, naye akasimama wima na kumtukuza Mungu. Mkuu wa sinagogi alipokasirika, Yezu alimkumbusha kwamba hata siku ya Sabato watu humfungua ng'ombe au punda ili wampeleke kunywa maji. Je, binti wa Abrahamu asingestahili kufunguliwa?

Tulisome neno hilo kwa macho ya Manguredjipa. Pikipiki ikianza kutoa mlio usio wa kawaida, hupelekwa kwa fundi siku hiyohiyo, kwa sababu kila mtu anajua familia inakula kwa pikipiki hiyo. Mgongo wa mama unalisha familia kuliko pikipiki, nao unaweza kutoa mlio wake kwa miaka 18 ukiitwa salamu. Yezu alianza kwa kuona. Mlango wa kuona haufungwi na umaskini, wala na vita, wala na ubovu wa barabara. Kijana asiye na franka moja mfukoni anaweza kumwona mama yake, na akishamwona, anaweza kunyoosha mkono kupokea kamba.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi:

1. Nyumbani kwetu, nani anateka maji, nani analeta kuni, na nani anabeba mavuno? Ni nani aliyepanga iwe hivyo?

2. Je, yupo mama, dada au bibi katika jirani yetu mwenye mojawapo ya dalili za hatari tulizozitaja? Nani atamsindikiza kituo cha afya juma hili?

3. Ni mzigo gani mmoja ambao vijana wa kiume wa kikundi chetu wanaweza kuupokea kuanzia kesho, na kuuchukua siku zote, si siku ya sikukuu tu?